Kibao cha Preparatory pale Riruta

Jumatatu iliyopita nilipigiwa simu ofisini, nikaambiwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Riruta, hapa Nairobi, ametutoka. Wasomaji wangu hamkumjua. Alistaafu kutoka shule ya serikali, akajenga madarasa manne ya mabati kwenye ploti yake, na juu ya geti akaandikisha neno kubwa: Preparatory. Neno hilo aliliona kwenye geti la shule moja katika mtaa wa matajiri wa Karen, alipokwenda kumtembelea dadake aliyekuwa mpishi huko. Aliona watoto wa soksi nyeupe wakishuka magarini, akaamua na wa Riruta watakuwa na shule kama ile.

Nilimcheka wakati ule, na leo najuta. Alikuwa na msichana mmoja, binti wa fundi viatu, aliyeongoza darasa la saba kila muhula. Mwalimu akasikia shule ile ya Karen inatoa ufadhili. Akampigia sketi pasi kwa mkono wake, akatia ripoti zote kwenye faili, akaniomba niwasindikize. Mama wa ofisi ya shule ile alizisoma kwa upole.

"Mwalimu, huyu ni bright sana. Lakini huku tunaprepare watoto wa kuenda sekondari za Uingereza. Syllabus yetu si yenu. Hata French hajaanza."

Mwalimu hakubishana. Tulipotoka getini akaniuliza neno lile lina maana gani hasa. Nikamweleza nijualo: kwa Waingereza ni shule ya watoto kabla ya sekondari ya kulipia; kwa Wamarekani ni sekondari yenyewe, ya kumpeleka mtu chuo kikuu.

"Na hapa kwetu?"

Msichana alikuwa mbele yetu, amekumbatia faili.

"Sasa hawa wangu nawaprepare waende wapi?"

Kibao hakukiondoa. Elimu ya bure ilipojaza madarasa ya serikali, wazazi walimletea watoto zaidi, naye akawafundisha mpaka miguu ikakataa.

Jumamosi tulimzika. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa, walijipanga kwa kimo bila kuambiwa, kama paredi ya asubuhi. Binti wa fundi viatu ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, kwa Kiingereza kinachoshinda changu. Baadaye nikamuuliza siku hizi anafanya kazi wapi.

"Niko tu, uncle. Nilimaliza college, nimepeleka CV kila ofisi huko tao mjini. Nangoja."

Nimekata tamaa, na sitawaficha. Tunawahimiza watoto wajiandae, wajiandae tena, na wao wanatii. Binti yule alikuwa tayari tangu darasa la saba. Ni sisi ambao hatujawahi kuwa na mahali pa kumpeleka.