Mtungi wa Magadi Alioupeleka Mutugi Maabara

Marehemu mume wangu, Mutugi Ndambiri, hakupika chang'aa. Naandika hivi kwa sababu hapa Kianjokoma wapo wanaosema alikuwa akifungia pombe ndani ya chungu cha chuma kule maabara, Embu mjini, na kwamba siku moja nilimfuata huko nikamfumania na mwanamke. Mwanamke alikuwepo. Alikuwa Daktari Karwirwa, mkubwa wake wa kazi. Kilichofumaniwa ni mtungi.

Mutugi alikuwa fundi wa maabara, na kazi yake ilikuwa kuchemsha mawe. Alisaga jiwe jeupe, akalipima, akalitia pamoja na maji ndani ya chungu chenye kuta nene, akakaza nati nane, kisha akakiacha kwenye joto la nyuzi mia mbili na hamsini kwa siku kumi na nne. Maji yaliyobanwa hivyo huyeyusha jiwe polepole. Walitaka kujua ni kiasi gani, kwa kuwa maji moto ya visima vya umeme wa mvuke wa ardhini yakipoa huliacha jiwe hilo ndani ya mabomba, nayo huziba. Mwanamume ambaye nyumbani hakuweza kungoja chai ipoe, alingoja jiwe wiki mbili bila kugusa nati hata moja.

Mwaka mmoja kabla hajafariki, mashine yao ya kusafisha maji iliharibika. Akaenda kuomba maji safi katika chuo jirani, amebeba mtungi wa nyumbani. Chungu kilipofunguliwa, jiwe lililoyeyuka lilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Akarudia kwa maji yale yale, akapata jibu lile lile. Daktari Karwirwa akamwandikia barua: kufikia Ijumaa aeleze vipimo hivyo, la sivyo atahesabiwa kuwa ameandika uongo, na ataondoka.

Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuongeza hata chembe katika vipimo. Jioni ile alipima sukari ya chai yake mara tatu.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Githeri ilikuwa siku ya pili motoni, mahindi na maharagwe magumu kama kokoto, na mtungi ninaoyeyushia magadi ya kuilainisha hauonekani. Ijumaa nikafunga kitambaa changu cha kanisani, nikaenda Embu.

"Baba Wambeti," nikasema mlangoni, "mtungi wangu uko wapi?"

"Mama Wambeti, si sasa. Nafukuzwa kazi."

"Fukuzwa, lakini githeri haijaiva. Si ule pale! Ulitaka niyeyushie magadi kwenye kofia yako?"

Daktari Karwirwa aliinua kichwa. "Magadi? Ndani ya huu?"

Aliuinamisha, akachungulia. Chini palikuwa na ukoko mweupe. Akachovya karatasi ya kupimia katika maji yaliyobaki, ikageuka buluu, kama inavyofanya kwenye magadi. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Mutugi, umelitilia jiwe magadi! Kwetu Muthara hata nyanya yangu angejua litaiva upesi."

Mume wangu hakucheka. "Kwa hiyo, Daktari, nilipima sawasawa?"

"Ulipima sawasawa. Maji ndiyo yalikuwa na neno."

Barua ikachanwa mbele yangu. Mutugi akafungua daftari la maabara, akaandika kwa mkono wake: *Mtungi wa nyumbani. Kosa ni langu.* Baadaye walirudia jaribio kwa magadi yaliyopimwa vizuri, na likaingia katika ripoti yao. Mimi aliniletea mtungi mpya, ameuandika MAGADI kwa herufi kubwa pande zote, kana kwamba sikufundisha shule miaka thelathini.

Wifi yangu Nelius, ambaye uvumi ule wa chang'aa ulianzia kinywani mwake, sasa ana swali jingine: asubuhi ile Mutugi alipochukua mtungi jikoni, hakumwuliza mtu kama ni safi? Na huyo mtu, aliyekuwa na haraka ya kwenda mkutano wa akina mama, hakumjibu 'ni safi' bila hata kugeuka?

Daftari linasema kosa ni la Mutugi, na limetiwa sahihi. Sina la kuongeza, na Nelius asiniulize tena.