Jino la Nne

Mtaani walimwita Nani Kakutuma, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila aliyesimama mbele ya kibanda chake. Salamu zilifuata baadaye, kama zilifuata. Alikuwa mchonga funguo kwa miaka thelathini na moja. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mtu mmoja na nusu: mashine ya kuchongea upande wa kulia, jiliwa la kubania chuma upande wa kushoto, na nyuma yake ukuta wa misumari uliojaa funguo ghafi ambazo bado hazijaota meno. Upepo ukipita zililia kidogo, kama vijiko vinavyooshwa nyumba ya jirani.

Alikuwa na sheria moja tu: ufunguo hauchongwi bila uso. Anayetaka nakala aje mwenyewe, asimame, aulizwe mlango ni wa nani na wa mbao au wa chuma. Aliyejibu huku akitazama viatu vyake alirudi mikono mitupu.

"Huyu akiletewa mtoto mchanga atamwuliza nani kamtuma," dada yake alikuwa akisema mbele za watu. "Na akijibu vibaya, arudishwe alikotoka."

Dada yake alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa mkunga kwa maisha yake yote ya kazi, sasa kastaafu, na nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake wakilia. Naye waliendelea kumwita Mkunga. Hakuwahi kuolewa, aliishi peke yake mitaa mitatu kutoka kwenye kibanda, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Nani Kakutuma, mdogo wake, alimsihi ahamie kwake.

"Nimetoa watu wangapi walikokuwa wamejifungia?" Mkunga alimjibu. "Basi mimi hunitoi."

Kwa hiyo akamfungia kitasa. Kitasa kizito, cha mizunguko miwili, alichokichagua mwenyewe kama mtu anayechagua mchumba. Funguo zake duniani zilikuwa mbili: mmoja shingoni mwa Mkunga, umefungwa kwa utepe, na mwingine msumarini kibandani. Mwezi mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, Mkunga alitaka wa tatu, apewe mshonaji wa nyumba ya pili, ili siku akizidiwa awepo wa kumfungulia. Mdogo wake akakataa katakata.

"Ufunguo wa tatu ni mlango wazi," alisema, na hakutaka kuzungumza zaidi.

Hakumpenda mshonaji yule. Mwanamke mchangamfu, utepe wa kupimia shingoni, simu mkononi, na kila alichokiona alikipiga picha: gauni la mteja, pazia la jirani, kitambaa dukani. "Anayepiga picha kila kitu," Nani Kakutuma aliwaza, "kuna kimoja anachokitafuta." Kisha akajikumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akafurahi kuwa methali hiyo ilimkaa mshonaji vizuri namna ile.

Wakati huo kazi ilikuwa imepungua. Majengo mapya yalifunguliwa kwa namba, kwa kadi, mengine kwa simu yenyewe. Bintiye, aliyefanya kazi katika duka la vifaa vya ofisi, akaja jioni moja na simu mpya.

"Baba, watu hawana nafasi ya kuja kusimama hapa na kuhojiwa. Waweke ufunguo juu ya karatasi ya hesabu, ile yenye viboksi, wapige picha, wakutumie. Viboksi vinakupa kipimo. Ukimaliza, wa pikipiki anakuja kuchukua."

"Na uso nitauonea wapi?"

"Pale juu kuna picha ya mtu."

Mteja wa kwanza alikuwa na picha ya paka. Wa pili alikuwa na picha ya mcheza mpira ambaye hata yeye alijua kuwa haishi mtaani pale. Wa tatu alikuwa na jua likichwea.

"Leo nimemchongea paka ufunguo," alimwambia dada yake.

"Ulimwuliza nani kamtuma?"

Akacheka, lakini kicheko hakikumshuka tumboni. Alichonga kwa picha huku moyo ukimsuta, na kila ufunguo uliotoka mashineni alihisi ameutupa gizani.

Jumatano asubuhi ikaingia picha kutoka namba asiyoijua. Pale pa uso palikuwa na ua jekundu. *Fundi habari. Naomba ufunguo kama huu. Mmoja tu.*

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho. Kila ufunguo aliouchonga aliupitisha tupa shingoni mara moja, mkwaruzo mwembamba ambao wenye funguo waliudhani ni uchakavu. Huu ulikuwa na mikwaruzo mitatu. Mmoja tu duniani aliutia mikwaruzo mitatu, kwa kuwa kwao walizaliwa watatu na walikuwa wamebaki wawili. Ulikuwa ufunguo wa dada yake.

Akaandika polepole, kidole kimoja: *Mlango wa nani?*

*Wangu.*

*Wewe nani?*

*Mwenye mlango.*

*Umenijuaje?*

*Nani asiyekujua?*

Angeyasikia majibu yale kwa sauti, angemtambua msemaji kabla ya neno la pili. Lakini herufi za simu zote zina sura moja, za mwungwana na za mwizi. Aliyaona majibu ya mtu jeuri anayejificha. Kuipigia namba ile hakutaka. Mwizi ukimpigia unamwamsha. Akapiga namba ya dada yake. Haikupatikana. Akafunga kibanda, akaenda.

Mkunga alikuwa amekaa kitandani, juu ya mto, wima kama kuku aliyeatamia.

"Dada, ufunguo wako uko wapi?"

Akauvuta kutoka ndani ya gauni. "Ulipo siku zote. Kwani kuna nini?"

"Umemwazima mtu?"

"Nimwazime ili akafungue wapi?"

"Na simu yako mbona haipatikani?"

"Imetumbukia kwenye ndoo. Iko ndani ya mchele inakauka."

"Nani huingia humu ndani?"

"Hewa," Mkunga alisema. "Na wewe. Ningechagua, ningebaki na hewa."

Alipotoka, alipishana mlangoni na mshonaji, anaingia na bakuli la uji, simu imebanwa kwapani. "Shikamoo, fundi," mwanamke alisema, na yeye akaitikia huku akiitazama simu. Kesi ikawa imekwisha kichwani mwake. Huyu ameomba ufunguo, amenyimwa. Dada amelala mchana, utepe umechungulia nje ya gauni, picha imepigwa. Na simu ya dada, nayo, imeingia ndooni yenyewe?

Hakumwambia Mkunga. Dada angemtetea jirani yake, halafu mwizi angepata habari. Alitaka kumkamata mtu na ushahidi mkononi.

Ufunguo ule angeweza kuuchonga amefumba macho. Aliuchonga amefumbua. Jino la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu sawa. Kwenye la nne akainua mkono kabla ya wakati, akaliacha refu kwa unene wa ukucha. Ufunguo wa namna hiyo huingia vizuri na hukaa vizuri, ila kuzunguka hauzunguki. Mwenye kuulalamikia atajitaja mwenyewe. Saa nane mtu wa pikipiki akaja.

"Nani kakutuma?"

"Simu, mzee."

"Simu ina jina?"

"Ina ua," mtu wa pikipiki alisema, akavaa kofia yake, akaondoka.

Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, bintiye alikuwa amesimama kibandani akimwonyesha jinsi ya kufuta picha za zamani, simu ikaita. Ua jekundu.

"Pokea, baba."

"Iache iite. Huyo ni mwizi, analalamika."

Ikaita mara ya pili. Ya tatu. Nani Kakutuma alikunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile iingie kibandani aliipenda. Alimsimulia bintiye habari nzima: mikwaruzo mitatu, mshonaji, jino la nne. Simu ikaita mara ya tano, ikanyamaza. Kisha ikalia mlio mfupi.

"Ametuma sauti," binti alisema, akabonyeza.

"Wewe mtoto, pokea simu." Ilikuwa sauti ya Mkunga, imebanwa kama inayopita kwenye meno yaliyofungwa. "Nimeanguka. Nilipanda kigoda, pazia. Mguu siuwezi. Jirani yuko mlangoni na ufunguo wako umegoma. Njoo."

Bintiye alimtazama baba yake.

Nani Kakutuma aling'oa ufunguo msumarini, akakumba vifaa ndani ya mfuko, akakimbia mitaa mitatu kwa miguu ambayo haikuwa imekimbia kwa miaka kumi. Mlangoni alimkuta mshonaji amepiga magoti, mkasi mkubwa mkononi.

"Nimepitisha mkasi kwenye tundu la kichwa cha ufunguo nikazungusha," alisema, machozi yakimtoka. "Umekatikia ndani, fundi. Nimeharibu."

Kipande kilikuwa kimekaa ndani ya tundu la kitasa, shaba inang'aa. Ufunguo alioubeba haukuwa na pa kuingia. Madirisha yalikuwa na nondo, nazo ni yeye aliyesimamia zichomelewe. Kila alichokifanya kumkinga dada yake kilikuwa kimesimama upande wa pili, kinamzuia.

Akapiga goti mahali pa mshonaji. Akachukua kipande chembamba cha msumeno wa chuma, kile chenye meno yanayotazama nyuma, akakipenyeza.

"Nani huyo?" Mkunga aliuliza kutoka ndani, karibu na sakafu.

"Mimi, dada."

"Nani kakutuma?"

Msumeno ukateleza. Nyuma yake mshonaji alianza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Nilimwambia tuujaribu ufunguo siku ileile ulipofika," mshonaji alisema. "Nilimpa simu yangu ya zamani na laini yangu, ile yenye ua, akakuandikia mwenyewe. Alisema akija kukuomba kwa mdomo utakataa. Ufunguo ulipoletwa nikamwambia, Mama Mkunga, tuutie mlangoni tuone. Akaniambia, ufunguo wa mdogo wangu haujaribiwi. Ni kumtukana."

Nani Kakutuma hakugeuka. Alikumbuka mto, na jinsi dada yake alivyoukalia. Msumeno uliuma shaba, akavuta, ukaachia. Ukauma tena. Mara ya nne kipande kikatoka, kikaanguka kwenye kiganja chake, kidogo, na jino refu kuliko lilivyopaswa kuwa. Akatia ufunguo wa msumarini, akazungusha mara mbili.

Mkunga alikuwa chini kando ya kigoda, pazia limemfunika mapaja. Uso ulikuwa wa majivu. Binti wa fundi, aliyefuata kwa pikipiki, alikuwa tayari anaita gari.

"Ufunguo ulikuwa na nini?" Mkunga aliuliza. "Picha niliipiga vibaya?"

Jibu lilikuwa limewekwa mbele yake kama kiti. Ilibaki kukaa tu. Picha haikuwa nzuri, dada. Hivi vyombo havina macho. Kila mtu angemwamini, na yeye mwenyewe karibu angeamini.

"Picha ilikuwa nzuri," alisema. "Ni mimi niliyeuharibu. Jino la nne. Kwa makusudi."

"Hukunijua?"

"Niliujua ufunguo. Wewe sikukujua."

Mkunga alifumba macho. "Miaka arobaini nimewaambia wanawake mficha uchi hazai," alisema. "Halafu mimi nakaa juu ya simu kama yai. Nyanyua hilo pazia, linanikuna. Na wewe, mshonaji, acha kulia, hajafa mtu."

Nyonga ilikuwa imepata ufa. Wiki sita kitandani, daktari alisema, na Mkunga akasema atazilala nyumbani kwake. Ufunguo wa tatu ukachongwa upya, mshonaji amesimama kibandani. Hakuulizwa nani kamtuma. Walikwenda pamoja hadi mlangoni, na Nani Kakutuma akautia, akazungusha, akautoa, akautia tena.

"Umefungua, fundi," mshonaji alisema.

"Zungusha na wewe."

Akazungusha.

"Rudia."

Siku hizi fundi anajaribu kila ufunguo mara tatu, hata wa kabati. Wateja hunung'unika. Wa kwenye simu nao wana sheria yao: wakishatuma picha hupokea sauti nzito ikiwauliza nani kawatuma, na wasipojibu kwa sauti yao wenyewe hawachongewi. Wengine wamehamia kwa mafundi wengine. Namba yenye ua sasa ina jina, Dada, ingawa kila inapoingia yeye huitazama kwanza kidogo, kama mtu anayetazama nyuma ya mlango.

Kila asubuhi, kwenye saa tatu, Mkunga humtumia sauti. Humsema kuhusu dawa, kuhusu uji, kuhusu mtoto wa fulani aliyemzalisha na sasa hamsalimii. Yeye husikiliza yote mara moja. Kisha huirudisha nyuma, mpaka pale mwanzoni ambapo dada yake bado hajasema kitu, na simu anaiweka sikioni ili asikie kinachotokea kwa mbali: ufunguo wa mshonaji unaingia, unazunguka mara mbili, kitasa kinaachia.