Haya, Nyumbani!

Makofi mawili makavu bado nayasikia. Ndivyo nesi wa wodi ya wanaume alivyoruhusu wagonjwa: alisimama miguuni pa kitanda, akapiga makofi, akasema, "Haya, nyumbani!" Mikono yake ilikuwa myepesi, ikifunga kidonda bila kumuumiza mtu, na hilo lilizidi kunikasirisha, maana kazi aliiweza. Maelekezo aliyamwaga huku ameshageukia kitanda kingine. "Mmeelewa?" aliuliza, na jibu hakulingoja. Kwa "mmeelewa" hiyo kaka yangu alirudishwa wodini kidonda kikinuka.

Siku moja nikimuuguza, ilikuwa zamu ya kuruhusiwa ya jirani yake wa kitanda, Mzee Ambindwile wa Masoko, aliyekuwa anarudi nyumbani na mpira wa mkojo. Mke wa mwanawe alikipa kitanda mgongo, khanga imemfunika uso.

"We mama, mpira utausafisha kwa kisogo?" nesi akafoka. "Sogea uone!"

"Siwezi, sista. Ni baba mkwe. Hata usoni sijawahi kumtazama."

"Mambo ya kizamani hayo! Mumeo yuko wapi?"

"Tulishamzika."

Mzee akavuta shuka hadi machoni. Nesi alikuwa Mnyakyusa kama sisi, mwiko huo aliujua tangu utotoni. Siku zote alizomhudumia mzee yule hakuwahi kuuliza habari za nyumbani kwake, basi. Akavuta pazia, akainama, na kwa sauti ndogo niliyoisikia kwa shida akasema, "Tata, baba yangu, nyumbani yupo nani wa kukuosha?"