Vibao vya Mia Nne na Sita

"Ulijisikiaje ulipoving'oa vile vibao vya barabara?" nilimuuliza Babu Orest nikiwa na miaka tisa. Akapandisha kioo cha greda, akaondoka.

Barabara yetu inaanzia kwenye ghala la nafaka la kijiji chetu, Krasne, inapita kanisa la kuba tatu, inaishia kwenye daraja lililofungwa. Wazee waliichonga kwa farasi. Baadaye serikali ya jimbo ikaitia lami na kuipa namba: Mia Nne na Sita. Reli ilipoondoka na shule kufungwa, jimbo likaitupia wilaya. Wilaya haikuiweza lami. Ikaifumua, ikamwaga changarawe. Orest Wasylyk, dereva wa greda ambaye sote tulimwita Babu, ndiye aliyetumwa kung'oa vibao vya namba, vyote thelathini na nane, na kusimika vipya vya "Njia ya Kata ya Tisa". Hivyo vipya hakuna aliyevisoma. Nani asome kibao cha kwao?

"Orest, bibi harusi umeshampaka poda leo?" jirani yake Metro alimtania kila asubuhi mkahawani, kwa ajili ya vumbi la changarawe lililotimuka greda ikipita barabarani.

"Nimempaka. Wewe wako hata maji ya kunawa humpi!"

Februari moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, mkewe Marusia alibanwa kifua. Mama yangu alikuwepo, amemshika mkono, na ndiye aliyenisimulia jinsi Babu alivyopiga simu ya dharura.

"Mia Nne na Sita, maili nne kutoka ghalani."

"Baba, barabara hiyo siioni kwenye mashine."

"Huioni vipi, binti? Mimi naishi juu yake!"

"Haina jina lingine?"

Lilikuwepo. Kibao chake alikisimika mwenyewe. Halikumjia, wala mama halikumjia. Ambulensi ilizunguka saa nzima ng'ambo ya mto, ikitafuta namba isiyokuwepo tena. Ilipofika, Marusia alikuwa ameshafunikwa uso.

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa theluji ikaanguka, Babu akawasha greda akaizoa mpaka darajani. Mkahawani Metro alimsogezea sukari.

Mwezi uliopita nilikuwa najifunza udereva, Babu kaketi pembeni yangu, anainua kidole kimoja kusalimia kila gari. Akasema, "Uliwahi kuniuliza."

"Nini, Babu?"

"Vile vibao. Sikujisikia kitu. Ilikuwa Jumanne. Marusia alinifungia mkate na soseji. Nikang'oa, nikala, nikamalizia vibao vilivyobaki."