Miche Kando ya Ukuta wa Konde

Mama alipong'oa mihogo ya mwisho, aliliacha konde letu la nyuma ya kijiji cha Bwejuu lipumzike. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza skuli ya msingi na sijapata kazi mjini. Udongo wa kwetu ni kidogo na mawe ni mengi. Ukiulima mfululizo haukupi kitu. Unauacha uote msitu, na msitu ukishakomaa unakata, unachoma, unapanda tena.

Kwanza yaliota majani mafupi na kifauwongo, kile kinachojikunja ukikigusa. Masika yaliyofuata sikukiona tena. Kivumbasi kilikuwa kimekifunika na kunifika kiunoni. Kisha vichaka vya mikwamba vikachomoza katikati ya kivumbasi, nacho kwa kukosa jua kikakonda. Niliona kama watu wanaopokezana nyumba: anayeingia hamfukuzi aliyemo, anamzibia dirisha tu.

Hayo hayakumshughulisha mama. Kilichomshughulisha ni miche ya mipera na mizambarau iliyoota kando ya ukuta wa mawe, ule tunaojenga kuzuia nguruwe. Ilikwenda safu moja mpaka kona. Ng'ambo ya ukuta palikuwa pa ami yangu, binamu wa marehemu baba.

"Msitu hauoti kwa kamba," mama alisema. "Hii imepandwa."

Kwetu anayepanda mti, mti ni wake, hata ukiwa juu ya ardhi ya mwenzake. Na penye mti wa mtu huwashi moto. Miche ile ikikua, tusingeweza kulisafisha konde wala kulilima, na hatukuwa na jengine.

Tangu hapo kila alichofanya ami kilikuwa na maana. Akituletea samaki, alikuwa anatufumba macho. Akipita na panga, mama alinikonyeza; asipopita, alisema, "Leo kajificha." Siku moja ami aliuliza barazani, "Shemegi, konde mtalichoma lini?"

"Mungu akijaalia," mama alijibu, akaingia ndani, akaninong'oneza, "Umesikia? Anataka kujua muda alionao."

Mimi si msemaji, na asiyesema hutazama sana. Nikaanza kuitazama miguu ya ami kila alipokaa, kama ina udongo mwekundu wa kwetu.

Mama alinituma nikamvizie. Asubuhi kadhaa nilijibanza kwenye mikwamba. Ami hakuja. Walikuja ndege, shorewanda. Walitoka kwenye mipera ya watu, wakatua juu ya ukuta, wakapangusa midomo kwenye mawe, wakanya, wakaruka. Nilipoinama chini ya ukuta nikaona kinyesi kikavu chenye mbegu za pera, na moja imeshatoa jani. Safu ilifuata ukuta kwa sababu ndege walifuata ukuta.

Nikaenda kumwita mama. Alichutama, akatazama, akachokoa kwa kijiti.

"Basi nshamsengenya, nshamla nyama bure yule mtu," alisema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Usije ukamwambia!"

Tulirudi tukiufuata ukuta. Kwenye kona mama akasimama na kicheko kikakatika. Nyuma ya mche wa mzambarau palikuwa na mnazi mdogo wa majani mawili. Nazi yake ilikuwa imefukiwa nusu, na vijiwe vimepangwa kuizunguka.

"Na huu? Kauleta shorewanda?"

Nilitazama juu. Hapakuwa na mnazi karibu.

Mama aliung'oa pamoja na nazi yake, akautia kwenye pakacha, akajitwika. Tulipita nao katikati ya kijiji, jua limeshapanda na watu wako nje. Ami alikuwa barazani kwake akisuka dema la kuvulia samaki.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alilitua pakacha mbele yake. "Shemegi, mnazi wako ulipotea njia. Nimekurudishia."

Ami hakuuacha ufito wa dema. "Wangu? Mbona minazi yote inafanana?"

"Ndiyo. Basi upande kwako, ufanane na wenzake."

Ami akanigeukia mimi, maana anajua nilivyo mzito wa kusema. "Wewe umemwona mtu akipanda?"

"Sikumwona mtu, ami. Ndege nimewaona. Nazi hawabebi."

Jirani aliyekuwa akipita alicheka. Ami aliutazama mnazi, kisha akalivuta pakacha upande wake kwa mguu. "Uacheni hapo," alisema. Hakusema ni wake, wala hakusema si wake.

Konde likaendelea kulala. Mikwamba ilinipita kichwa, na mizambarau ikaanza kuipita mikwamba. Mama hakung'oa hata mche mmoja, maana mti uliopandwa na ndege hauna wa kuudai. Lakini kila tulipokwenda huko alianza na ile kona, akayafunua majani kwa fimbo, ndipo akatoa salamu kwa aliyekuwa ng'ambo ya ukuta.