Mvua ya Vijiti

Nyuma ya jiko letu, kwenye kilima nje ya mji wa Butembo, kulikuwa na kichuguu cha mama. Nasema cha mama kwa sababu kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Alikirithi kwa mama mkwe wake, na jirani aliyekigusa bila ruhusa alijua atasikia maneno.

Mvua za Septemba zilipokolea, alikifunika kwa majani ya migomba, akaacha tundu moja na kishimo mbele yake. Sisi watoto tulikaa chini tukagonga ubao kwa vijiti, taratibu, kama manyunyu. Kumbikumbi waliposikia walidhani mvua imeanza. Walitoka na mabawa yao mapya, wakatumbukia kishimoni, na mama akala wa kwanza palepale, mbichi. Tuliwadanganya hivyo kila mwaka, na mbayuwayu walijaa juu ya vichwa vyetu wakidai fungu lao. Nazitamani kelele zile hadi leo.

Sasa naishi Beni, nauza chumvi na sabuni. Zamani sisi wa Butembo tuliwacheka watu wa Beni kwa joto lao na vyandarua vyao. Kicheko kimetuishia. Mbu wamepanda mlima, na kuna mwaka sweta ya mama ilining'inia msumarini mwezi mzima wa Julai bila kazi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini siku hizi mawingu huja kusalimia tu, yakaondoka.

Mwaka ule mama aliugua, akawa anakataa chakula. Alitaka kitu kimoja tu, kumbikumbi. Nilimnunulia wa Mangina, karibu na Beni, waliokaangwa vizuri, nikampandishia Butembo. Alionja mmoja akairudisha sahani.

“Hawa ni ba kule chini, kwenye joto,” alisema. “Miye nataka ba kichuguu yangu.”

Basi nikakaa naye kungoja mvua. Septemba ilipita kavu. Oktoba ikaleta mvua ya mawe iliyobeba udongo wa shamba pamoja na maharagwe hadi bondeni, kisha jua likarudi kali. Nilikasirika sana, wala sijui nilimkasirikia nani. Mama alikuwa anakonda mbele ya macho yangu. Mwishowe nilikifunika kichuguu hivyohivyo, nikamtolea kiti nje, nikaanza kugonga.

“Unapiga na nguvu, mama,” aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye. “Mvula ya kwetu inaanzaka polepole.”

Alininyang'anya vijiti, akagonga mwenyewe. Aligonga vizuri kiasi kwamba nilitazama juu kuona kama inanyesha. Baada ya muda mrefu walitoka wachache, wembamba, wakitambaa ukingoni mwa kishimo. Hapakuwa na mbayuwayu hata mmoja. Niliinama haraka kuwakusanya, nimejaa furaha kwamba sasa atakula.

“Baache,” alisema.

“Lakini ni hawa ulikuwa unataka.”

“Najua. Mate inanijaa mu kinywa. Lakini tukikula hawa, mwaka kesho utapigia nani mvula?”

Niliondoa mikono yangu. Tuliwatazama wakiruka mmoja mmoja kuelekea kwenye mikaratusi, yeye akiwafuata kwa macho kama mtu anayesindikiza wageni. Jioni alimeza tonge dogo la bugali na sombe ya majani ya muhogo, kwa ajili yangu tu.

Hakuufikia msimu uliofuata. Mvua zilipoonyesha dalili za kuanza, nilipanda kutoka Beni, nikafunika kichuguu, nikakitoa kiti chake nje. Niligonga polepole, nikingoja kusahihishwa. Walitoka wachache tena. Nilimla mmoja, mbichi, bila chumvi, kama alivyopenda yeye, na wengine nikawaacha waende.