Barua ya Pongezi ya Kitasa

Miezi miwili iliyopita mtaa ulimwita Afande tu. Sasa anaitwa Kitasa, na wanaomwita hivyo hawajifichi.

Ana miaka kumi na tisa kazini, yote ya doria kwa miguu: kirungu, filimbi, na redio ya mkononi inayokoroma kuliko inavyosema. Bunduki hajawahi kupewa. Siku ile, saa sita mchana, mtu mwenye kisu aliingia posta. Waliowahi kutoka wakamkimbilia Kitasa. Alipofika mlangoni aliita kituoni, akaambiwa azuie watu wasiingie, naye asiingie, asubiri wenye silaha. Akasubiri dakika kumi na moja. Ndani, karani wa vifurushi alikuwa akijikinga kwa kiti, na mkono wake wa kulia ukakatwa mishipa.

Wiki tatu baadaye makao makuu yakamletea barua ya pongezi kwa kufuata utaratibu.

Mkewe aliisoma huku akipiga pasi sare, akasema waitie kwenye fremu na kuitundika mlangoni, ndiko inakostahili. Kitasa hakucheka. Mara mbili aliipeleka kwa mkuu wa kituo ili irudishwe. Mkuu, mtu asiye na ubaya, alimweleza kwamba angeingia wangezika askari, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuirudisha barua ya makao makuu.

"Siombi kufukuzwa, mzee," Kitasa alimwambia. "Nataka mtu aniulize kama nilifanya sawa."

Akaambiwa achukue likizo. Hilo ndilo linalomkata maini: likizo anapewa, pole anapewa, swali hapewi.

Jumatatu aliitia barua kwenye bahasha, akaandika anwani ya makao makuu, akapanga foleni posta kama raia yeyote. Dirishani alimkuta karani yuleyule, amerudi kazini, anabandika stempu kwa mkono wa kushoto na zote zinakaa upande. Karani aliipima bahasha, akasoma anwani, akainua macho.

"Siku ile ulikuwa unatusikia?"

Majibu alikuwa nayo tele. Amri, kirungu, utaratibu. Kwa wiki nzima alikuwa akiyapanga.

"Nilikuwa nawasikia, dada. Tangu mwanzo."

Karani hakugonga muhuri. Aliisukuma bahasha irudi upande wa pili wa kioo, pamoja na kalamu yake.

"Basi waandikie na hilo."

Nyuma, foleni ilianza kunung'unika. Kitasa akasogea pembeni na kalamu, akaichana bahasha kuitoa barua.